Chakula Kisichoonjwa

Wako wapishi wanaoonja mpaka wanashiba kabla wageni hawajanawa mikono, na alikuwepo Mama Upawa, ambaye kwa miaka arobaini na moja alipikia watu mia tatu kila Jumapili na hakuwahi kupeleka hata tone moja ulimini kabla ya wakati wake. Hakuwa akijinyima, wala hakuwa akiringa. Jiko lake lilikuwa la hekalu la Wahindu, na katika hekalu lile anayekula wa kwanza ni Mungu. Chakula kinapakuliwa cha moto katika vibakuli vya fedha, pandit, ambaye ndiye kuhani wao, anakiweka mbele ya sanamu, pazia linafungwa, kengele inalia. Baada ya hapo ndipo kinarudi kuchanganywa na kilichobaki sufuriani, kimeshabarikiwa, ale kila mwenye tumbo. Mpishi akionja kabla ya hapo, amempa Mungu makombo. Nani mwenye akili zake atampa Mungu makombo?

Utauliza, chumvi anaijuaje? Kwa kiganja. Na mengine yote kwa pua. Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha, siku anaingia jikoni mle akiwa bibi harusi wa wiki mbili. "Kuonja ni dhambi," alimwambia. "Wapo wanaosema hata kunusa ni dhambi. Waache waseme, hawajawahi kupika. Harufu ikikufuata yenyewe mpaka puani, kosa lako wewe liko wapi?"

Basi pua ya Mama Upawa ikawa ndiyo ulimi wake. Alikuwa akikaa na mgongo kwenye moto, anachambua mchele, mara anaropoka, "Hicho kitunguu kimebakiza dakika moja!" na kweli kinakuwa kimebakiza dakika moja. Alijua maziwa yanayotaka kuharibika kabla yenyewe hayajajijua. Watu walimtania kwamba akipita sokoni wauza samaki wanaanza kujitetea.

Hekalu lenyewe lilikuwa kongwe. Ngazi zake za mawe zilikuwa zimelika katikati kwa nyayo za watu, kila ngazi ina bonde lake. Milango ilikuwa ya mbao nzito zilizochongwa maua, na juu ya kila nguzo alikaa tausi wa jiwe, wengine wamebaki bila midomo. Waliolijenga walikuwa mafundi na wenye maduka waliokuja kutoka Bara Hindi na masanduku ya bati na wake zao wajawazito. Lakini usidhani lilikuwa lao peke yao. Mtaa mzima ulikuwa na fungu lake pale. Maji ya mfereji yakikatika, foleni ya ndoo ilikuwa kwenye kisima cha ua wa hekalu. Ukifiwa, mikeka na masufuria unaazima pale, uwe wa dini gani sijui. Wanafunzi walisomea mitihani kwenye ukumbi wa nyuma kwa sababu kulikuwa na feni. Hata wasioamini kitu chochote waliamshwa na kengele yake na kuitukana kila asubuhi, na siku isipolia wanachelewa kazini.

Na Jumapili, ule mlo. Wali, dengu na mboga. Wachukuzi, walinzi, wajane, mafundi viatu, wote wanakaa chini safu moja na wenye magari yao.

Sasa shida. Wenye hekalu walikuwa wamekwisha. Watoto walikwenda ng'ambo kusoma, wakaita wazazi, wazazi wakafunga maduka. Zilibaki kaya saba, na katika hizo saba, nne zilikuwa za watu wanaotembelea fimbo. Hati ya kiwanja ilikuwa imeandikwa tangu enzi za wale waliolijenga kwamba mahali pale ni pa ibada na huduma kwa umma, na huduma ikikoma, kiwanja kinarudi kwa baraza la mji. Baraza lilishaandika barua mbili. Pale katikati ya mji, pembeni mwa stendi, kila mtu mwenye tai alikuwa anapaona kama mahali pa kuegeshea magari.

"Shemeji," Mwenyekiti wa hekalu alimwambia Mama Upawa. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, ana duka la misumari na rangi. "Watu saba wanaosali hawatatuokoa. Wanaotuokoa ni mia tatu wanaokula. Siku jiko lako likizimika, tumekwisha. Watavunja mpaka wale tausi."

Maneno hayo alimwambia kwa kumsifu. Hakujua amemtwika mzigo gani.

Maana mwaka ule, mvua zilipoanza, Mama Upawa aliugua homa. Alilala siku kumi na mbili. Alipoinuka, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda mbele ya sanamu kushukuru, akawasha ubani, akainama ili moshi umpige usoni kama ilivyokuwa desturi yake. Moshi ukampiga. Macho yakatoka machozi. Harufu hakuna.

Alidhani ni mafua. Akaenda jikoni, akasaga tangawizi, akaileta puani. Hakuna. Akafungua mkebe wa bizari, akafungua chupa ya mafuta ya taa, akanusa kitambaa cha kudekia, hakuna, hakuna, hakuna. Alikaa chini juu ya gunia la mchele, akaogopa kama hajawahi kuogopa tangu mumewe alipokata roho.

Angesema? Amwambie nani? Hakuna mwingine wa kupika. Kwa sheria ya jiko lile, anayeingia ndani ni mtu wa hekalu aliyekwisha kuoga na kufunga, na katika zile kaya saba hapakuwa na mwanamke mwingine aliyeweza kuinua hata mfuniko wa lile sufuria la shaba. Pua yake ikijulikana imekufa, jiko limezimika. Jiko likizimika, hekalu ndiyo basi tena. Kwa hiyo akapiga moyo konde, akajitia hamnazo.

Na haki ya Mungu, aliweza! Jumapili ya kwanza alipika kwa masikio: mbegu za haradali zikianza kupasuka, haya, tia kitunguu. Alipika kwa macho na kwa saa ya ukutani. Watu wakala, wakaongezwa, wakajilamba vidole. Jumapili ya pili vilevile, ya tatu, ya nne, ya tano. Hofu ikampungua, na kiburi kikaingia mahali pake. Kumbe pua ilikuwa ya nini, akajiuliza, kwa mtu aliyepika miaka arobaini na moja? Hapo ndipo natamani ningekuwepo nimshike mkono. Lakini nani angemshika? Mwenyewe hakumpa mtu nafasi.

Msaidizi wake alikuwa Mama Pacha, jirani wa nyumba ya pili, mama wa mabinti wawili waliozaliwa siku moja. Hakuwa wa dini yao, hivyo kazi yake aliifanyia uani: kukata mboga, kuchagua mawe kwenye dengu, kuziosha, kisha kuzikabidhi mlangoni. Miaka kumi na sita hakuwahi kuvuka kile kizingiti, na wala hakuwahi kuudhika. Walikuwa wakipiga soga kupitia mlango wazi, mmoja ndani, mmoja nje, wakicheka mpaka pandit anakohoa kuwakumbusha kwamba kuna Mungu.

Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya sita Mama Pacha alifika mapema. "Mama, leo niruhusu nioshe dengu asubuhi hii hii. Mchana nina kikao shuleni kwa watoto."

"Osha tu mwanangu. Hata mimi mgongo huu tangu homa haunisikilizi tena jioni. Nitaziloweka sasa hivi."

Siku zote dengu zililowekwa Jumamosi jioni. Siku hiyo zililowekwa saa mbili asubuhi. Na siku hiyo jua liliwaka kwa hasira, mabati ya jiko yakawa yanalia. Dengu zilikaa ndani ya maji ya uvuguvugu mchana kutwa na usiku kucha.

Jumapili alipofunua, povu lilikuwa limesimama. Povu la dengu si ajabu, hutoka kila siku. Aliliengua. Zilikuwa zinateleza kidogo mkononi, akasema zimelainika vizuri. Mtu mwenye pua, hata ya mkopo, angerudi nyuma hatua tatu. Yeye alizimimina sufuriani, akachochea moto, akatia tangawizi, bizari na ukwaju mwingi kama watu wanavyopenda. Akatazama rangi, rangi safi. Akasikiliza mchemko, mchemko wa kawaida. Pandit akaja na vibakuli vyake, amejaa moshi wa ubani kutoka kichwani hadi nguo. Pazia likafungwa, kengele ikalia, chakula kikarudi kimebarikiwa.

Waliosikia uchachu walisema ni ukwaju. Na chakula kile hakikataliwi wala hakibakizwi, maana kimetoka mbele ya Mungu. Walimaliza mpaka punje ya mwisho.

Saa tisa mchana wa kwanza akaanza kutapika pale pale kwenye ngazi. Saa kumi walikuwa ishirini. Kufikia jua kuzama watu sitini na wanne walikuwa wamelazwa, wengine wawili wawili kitanda kimoja, wengine chini. Mama Upawa alikwenda hospitali, akapita kati yao ameshika mtungi wa maji, na hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lililomuua. Walikuwa wanamwomba radhi! "Samahani mama, tumekuchafulia chakula cha baraka." Mchukuzi mmoja, jitu la miraba minne, alimshika mkono na kumwambia, "Labda ni kile kiporo nilichokula asubuhi."

Alfajiri ya Jumanne akafa mmoja. Alikuwa mama mzazi wa Mama Pacha, ajuza aliyekuwa hatoki kitandani, ambaye sahani yake ilikuwa ikipelekwa nyumbani kila Jumapili.

Walimzika siku hiyo hiyo. Mama Upawa alisimama nyuma kabisa ya waombolezaji, hakuthubutu kusogea.

Alhamisi kikaitishwa kikao katika ukumbi wa nyuma, ule wa wanafunzi. Alikuja bwana afya na jalada lake. Alikuja pia bwana mmoja wa idara ya viwanja, ambaye hakuna aliyemwalika. Alikaa pembeni na mkoba wake magotini, anahesabu nguzo kwa macho. Kabla ya kuingia, Mwenyekiti alimvuta shemeji yake nyuma ya mlango.

"Sikiliza. Watu wa afya wamesema dengu ziliharibika kabla ya kufika motoni, na sumu yake haifi hata uchemshe mpaka kesho. Sasa ni nani aliyezishika kabla yako? Ni yule mwanamke. Aliziosha kwa maji gani? Nani anajua? Tukisema ni maji ya kuoshea, tutaweka mtu wetu wa kuosha, jiko litafunguliwa baada ya mwezi. Wewe nyamaza tu. Sikuambii useme uongo. Nakuambia unyamaze."

"Amemzika mama yake juzi."

"Najua! Unadhani mimi jiwe? Lakini yeye atapoteza kibarua, sisi tutapoteza hekalu. Babu zetu wote, shemeji. Wote."

Wakaingia. Mama Pacha alikuwa ameitwa naye, amekaa kwenye benchi la mbele, kanga ameiteremsha hadi usoni. Bwana afya alifungua jalada.

"Nani alionja chakula kabla hakijatolewa?"

Watu wakatazamana. Pandit akasema kwa upole, "Hakuna anayeonja. Ndiyo sheria."

"Mia tatu wanakula, na mpishi haonji?"

"Haonji."

Bwana afya aliandika, akashangaa, akaandika tena. "Haya. Dengu zilipitia mikono ya nani?"

Mwenyekiti akasimama. Aliongea vizuri, huyo mtu alijaaliwa mdomo. Alieleza jiko, usafi wa jiko, sheria za jiko, kisha taratibu, bila kumtazama, akafika uani kwa Mama Pacha. Ndoo. Maji. Haraka ya kwenda shuleni. Mama Pacha hakuinua kichwa. Hakujitetea hata kwa neno moja, na bwana afya alikuwa tayari anaandika jina lake.

Mama Upawa alijikaza. Aliwaza wale tausi. Aliwaza mumewe, na mama mkwe, na majina yaliyochongwa ukutani yasiyo na mtu tena wa kuyasoma. Alikuwa akijiambia nyamaza, nyamaza, nyamaza. Kumbe ameshasimama.

"Pua yangu imekufa," alisema.

"Unasemaje, mama?"

"Pua yangu. Tangu homa. Sisikii harufu yoyote, hata ya ubani, hata ya kinyesi. Nimepika Jumapili sita bila pua. Dengu alizoniletea huyu zilikuwa safi. Mimi ndiye niliyeziloweka kutwa na kucha, na mimi ndiye sikujua kwamba zimechacha. Sikumwambia mtu. Niandike mimi."

Mwenyekiti aliketi, akafunika uso kwa viganja. Pandit alianza kulia wazi wazi, mzee mzima. Bwana afya aliweka kalamu chini, na nadhani hakuwa mtu mbaya, kwa sababu sauti yake ilishuka.

"Mama, pole. Lakini mpishi asiyeonja na asiyenusa, mimi siwezi kumruhusu awapikie watu. Na hapa mna mwingine?"

Hapakuwa na mwingine. Kila mtu alijua hapakuwa na mwingine. Aliandika karatasi, akaigonga muhuri, wakaenda wote wakamtazama akiibandika kwenye mlango wa jiko. Mwenyekiti alipita kando ya shemeji yake bila kusimama. "Ungenyamaza tu," alisema, akaenda zake dukani.

Mama Upawa alitoka nje akamkuta Mama Pacha amekaa kwenye ngazi. Alianguka mbele yake na kumshika nyayo.

"Nimekuulia mama yako. Sina la kusema. Nitukane, nipige, fanya utakalo, mwanangu."

"Inuka, mama."

"Siinuki."

"Inuka. Usinishike miguu." Mama Pacha alimvuta kwapani, akamkalisha kando yake. Sauti yake ilikuwa kavu, imekwisha kulia yote. "Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Pua. Tangu ile Jumapili ya pili. Kitambaa kilishika moto nyuma yako pale jikoni, moshi mzito, na wewe unachambua mchele unaimba. Nikakuita kwa jambo jingine ili ugeuke. Ukageuka, ukakizima, ukacheka. Nikaelewa."

"Na Jumapili hii nilisikia ule uchachu nikiwa pale kwenye vitunguu," Mama Pacha aliendelea. "Nikajiambia ni ukwaju. Mama, mimi naujua ukwaju. Nilijiambia tu. Maana nikisema, watafunga jiko, na nusu ya mtaa huu Jumapili haina pengine pa kula. Na mimi kibarua changu. Na wewe pia, nilikuonea huruma. Nikanyamaza. Nikachukua sahani ya mama, nikampelekea kwa mkono wangu mwenyewe. Alikuwa hana hamu. Nikamlisha kijiko kwa kijiko, namwambia, maliza mama, hiki ni chakula cha baraka."

"Kwa nini hukuniambia?" Mama Upawa alinong'ona. "Mimi tu. Ungeniambia mimi tu."

"Na wewe kwa nini hukuniambia mimi?"

Kwenye mlango ule walikuwa wamepiga soga miaka kumi na sita, habari za waume, za uzazi, za magonjwa ya wanawake, hakuna walichofichana. Hili moja kila mmoja alilificha ili jiko lisifungwe, na sasa jiko limefungwa na ajuza yuko udongoni. Mama Upawa alitaka kulia, machozi yakakataa. Alikaa tu, mikono imelala mapajani, haina kazi.

Yule bwana wa idara ya viwanja alitoka ukumbini. Alikuwa amefungua mkoba wake, ameshika utepe wa kupimia. Aliwaamkia kwa adabu, kisha akawaomba radhi.

"Samahani mama zangu. Mnaweza kusogea kidogo? Nataka nipime hizi ngazi."

Wakasogea.